Bawabu, mlinzi, na huyu "mtumishi" anayebebewa mkoba

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Morogoro: "Shikamoo mwalimu. Mchungaji wetu alifundisha 1 Mambo ya Nyakati 9, akasema mabawabu wa hekalu walikuwa watumishi waaminifu. Bawabu ni sawa na mlinzi? Na wingi ni mabawabu au wabawabu?"

Marahaba dada. Wingi ni mabawabu, ila upatanisho ni wa watu, mabawabu wale wamefika. Neno la Kiarabu hilo, bab ni mlango, basi. Usilichanganye tu na bawaba, kile chuma kinachoshika mlango kwenye fremu, maana nimeshaona bango la semina limeandikwa "Bawaba wa Bwana" nikasema hawa leo watapakwa grisi badala ya mafuta.

Na mlinzi si bawabu. Mlinzi kazi yake kuzuia, bawabu anazuia na kufungua pia. Wale wa Yerusalemu walikuwa 212, wamekaa pande zote nne, wakuu wao wanalala hapohapo kuizunguka nyumba na kila asubuhi wao ndo wanafungua, ndugu zao wa vijijini wanakuja kwa zamu za siku saba saba. Kulikuwa na wa kuhesabu vyombo, vikiingia vinahesabiwa, vikitoka vinahesabiwa, na wengine wamekabidhiwa unga, divai, mafuta, ubani. Kiebrania hapo kinatumia emuna, ukoo mmoja na amana, amini, na hiyo amina unayoitikia kila Jumapili. Yaani uaminifu wao haukuwa wa kusifiwa kwenye maiki, ilikuwa bakuli likitoka asubuhi jioni liwe limerudi.

Sasa hapo kwenye "watumishi" ndo umenikanyaga kidonda. Pika, mpishi. Andika, mwandishi. Tumika, mtumishi. Ni mtu anayetumika jamani, anayetumwa akaenda! Siku hizi limekuwa cheo, ukimwita mtu kwa jina tu bila "mtumishi" mbele ananuna. Nilialikwa kwenye mkutano mmoja, MC anapiga kelele "mpisheni mtumishi, mpisheni mtumishi", nikageuka nimwone huyo anayetumika, nikaona kijana wa kwanza kabeba mkoba, wa pili kabeba Biblia, wa tatu chupa ya maji na kitambaa cha jasho, wa nne kashika mwamvuli na wala hakukuwa na mvua wala jua, tulikuwa ndani. Mtumishi mwenyewe mikono mitupu. Mimi nikahesabu pale watumishi wanne na bosi mmoja, sarufi haidanganyi. Halafu tangazo likasema "mtumishi atahudumiwa chakula ofisini", nikaacha kuandika notsi.

Na mzee aliyefungua lile geti saa kumi na moja alfajiri, akapanga magari, akamrudishia mama mmoja simu aliyoidondosha, yeye anaitwa "yule wa getini". Wakati Zaburi 84 inasema afadhali kuwa bawabu nyumbani mwa Mungu kuliko kukaa hema za uovu, na zaburi hiyo ni ya wana wa Kora, na Shalumu mkuu wa mabawabu alikuwa Mkora, kwa hiyo hao walikuwa wanaimba kazi ya ukoo wao.

Basi dada, mchungaji wako kasema sawasawa, mabawabu walikuwa watumishi kweli, ni sisi tuliowanyang'anya neno tukawapa wenye mwamvuli. Sitashinda hii vita najua, hata wifi yenu akinikuta nimekaa na vyombo vimejaa kwenye sinki ananiambia "bwana asifiwe mtumishi".

Siku ile wakati natoka nilijaribu kurekebisha mambo kidogo, nikamwambia yule mzee "shikamoo bawabu". Akaniangalia juu mpaka chini. "Marahaba mwanangu, ila mimi Mluguru."