Kiwanja cha bei chee kando ya mto, ninunue?

SWALI: Shikamoo mshauri. Naishi Goba nimepanga, sasa kuna dalali kanipeleka kuona kiwanja karibu na Mto Mbezi, ni 20 kwa 40, ile 20 ndo inaangalia mto, milioni 9 tu wakati kule juu barabarani wanataka 25. Nimehesabu hatua 30 toka ukingoni mpaka bikoni ya kwanza. Nataka nijenge na nichimbe kisima niuzie watu maji. Wife hataki hata kusikia. Dalali anasema mto umeshakauka na muhuri wa serikali ya mtaa upo. Nifanyeje?
Baba Wawili, Goba

JIBU: Marahaba Baba Wawili. Mama watoto yuko sahihi, nalisema mapema ili hata ukiishia hapa uwe umelipata.

Hatua 30 za mtu mzima ni kama mita 22 hivi. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 toka ukingo wa mto. Haya hesabu mwenyewe, kiwanja kinaanzia mita 22, urefu wake 40, kinaishia 62, yani pa kujenga umebakiwa na mita 2, hapo panatosha kibaraza na ndoo ya kunawia miguu. Milioni 9 ya kibaraza! Muhuri wa mtaa unashuhudia tu kwamba mmeuziana, mita 60 haziondoki, na waliobomolewa bonde la Msimbazi Desemba 2015 wapo waliokuwa na makaratasi yao mkononi.

Halafu huo ukingo wenyewe hautulii. Mito ya Dar watu wanachimba mchanga mchana kweupe, ikija mvua ya maana kingo zinakatika na zile mita 22 zako zinapungua bila wewe kuhama. Na hilo la kukauka, alikupeleka mwezi gani? Kama ni Agosti basi hata mimi ningeona pamekauka, madalali wana kalenda yao bwana. Pale Jangwani ilijengwa karakana ya mabasi ya mwendokasi, na mainjinia wote wale, na bado maji yaliingia si mara moja, sembuse wewe na fundi wako.

Kisima ni wazo zuri ila sio hapo. Kipimo kinachotumika sana ni kisima kikae angalau mita 30 toka shimo la choo, sasa kiwanja kina upana wa 20, majirani kulia na kushoto wana mashimo yao, na la kwako utaliweka wapi? Ukipata sehemu nyingine, kabla ya kuchimba pitia Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu uombe kibali, na maji yapimwe maabara kabla hujauza hata dumu moja.

Kama moyo bado unakusumbua, Jumamosi nenda mwenyewe bila dalali na advansi usitoe. Angalia kuta za nyumba za jirani zile za upande wa mto kama zina mstari wa tope, kisha nunua vitumbua kwa mama yeyote wa pale umuulize kwa nini kizingiti cha mlango wake kimepandishwa tofali tatu.