Wasomaji Wanauliza: Meza za Mavuno katika Vijiji vya Hispania

Tangu tulipochapisha makala kuhusu wakulima wa Hispania, barua zimeendelea kufika ofisini kwetu Moshi, na nyingi zinarudi kwenye jambo lile lile: watu wa vijiji vile wanakula nini wanapomaliza kuvuna, na sherehe zao zinakutana wapi na zetu. Tumechagua tano. Maswali tumeyafupisha kidogo.

Mwanangu anafanya kazi Hispania. Mwezi wa nane alialikwa kwenye kijiji ambacho mwaka mzima kina wazee wachache tu, lakini siku hiyo kilifurika watu. Aliambiwa ni sikukuu ya mavuno. Mimi ni mkulima, najua mavuno hayangoji tarehe. Je, ni sikukuu ya mavuno kweli, au ni likizo tu?
*Mama mkulima, Kibosho*

Mama, shaka yako ina msingi, na jibu lake linahitaji kurudi nyuma kidogo. Ngano ya nyanda za Castilla huvunwa kuanzia mwishoni mwa Juni na kuendelea mwezi wa Julai. Zamani, kabla ya mashine, miganda ilitandazwa kwenye uwanja wa kupuria, na nyumbu wakaburuta juu yake ubao mzito uliopachikwa vipande vya jiwe kali upande wa chini, wakizunguka siku nzima mpaka punje zikaachana na mabua. Kazi hiyo ilikwenda hadi Agosti, na ilipokaribia kwisha ndipo Kanisa lilipoadhimisha Kupalizwa Bikira Maria Mbinguni, tarehe 15, ikifuatiwa na siku ya Mtakatifu Roko, tarehe 16. Sikukuu ilikuwa ya altare na ya ghala kwa wakati mmoja, wala hakuna aliyeona haja ya kuzitenganisha.

Kisha, kuanzia miaka ya 1950 hadi ya 1970, vijana waliondoka kwa wingi kwenda Madrid, Barcelona na Bilbao, na wengine wakavuka mipaka hadi Ufaransa, Uswisi na Ujerumani. Vijiji vilibaki na wazee. Kwa kuwa viwandani likizo hutolewa Agosti, vijiji vingi ambavyo mtakatifu msimamizi wao huadhimishwa katika miezi ya baridi vilihamishia shamrashamra mwezi huo, ili watoto wao wazikute. Wewe uliyeko Kibosho huhitaji kuelezwa zaidi. Unajua jinsi mabasi ya kutoka Dar es Salaam yanavyojaa mwezi wa Desemba, na jinsi nyumba iliyofungwa miezi kumi na moja inavyofuka moshi tena katikati ya migomba.

Siku ya chakula cha pamoja, nyama ya kondoo hupikwa uwanjani katika masufuria makubwa, pamoja na kitunguu saumu na pilipili tamu iliyokaushwa na kusagwa. Kila familia hubeba viti, sahani na vijiko vyake kutoka nyumbani. Kamati ya kijiji huuza tiketi siku kadhaa kabla, ili wapishi wajue idadi, na vijana hujiunga katika vikundi viitwavyo *peña*, ambavyo huchanga fedha na kuvaa fulana za rangi moja. Kwa hiyo mimi nisingeiita likizo tu. Ukitaka siku iliyobaki kuwa ya mkulima pasipo kuhamishwa, tazama tarehe 15 Mei, siku ya Mtakatifu Isidro, kibarua wa shamba wa Madrid aliyetangazwa mtakatifu mwaka 1622. Katika vijiji vingi sanamu yake hubebwa hadi mashambani, na padri huyabariki mazao yakiwa bado hayajakomaa.

Ninauza viungo Arusha. Wateja wa biriani wananiuliza zafarani ya Hispania, na wakisikia bei wanaondoka. Kwa nini ni ghali hivyo, na ni kweli kwamba ina sherehe yake?
*Mfanyabiashara, Arusha*

Ni kweli, na ukiijua kazi yake utaweza kuitetea bei hiyo mbele ya mteja yeyote. Sherehe hufanyika mwishoni mwa Oktoba katika mji mdogo wa Consuegra, mkoa wa Toledo, chini ya kilima chenye vinu 12 vya upepo. Ilianza mwaka 1963 na imepewa jina la ua lenyewe.

Ua la zafarani ni la rangi ya zambarau, nalo huchomoza karibu kabisa na ardhi. Mchumaji huamka alfajiri, kwa sababu jua likishapanda ua hufunguka, hulegea na kuwa gumu kushughulikia. Huinama mstari baada ya mstari, hukata kila ua kwa ukucha na kulitia kikapuni. Kabla siku haijaisha, maua humwagwa mezani, na familia nzima, pamoja na majirani, huketi kuyachambua. Shika ua kwa mkono wa kushoto, lifungue, kisha kwa vidole viwili vya mkono wa kulia vuta nyuzi tatu nyekundu. Ukizikatia chini mno, unabeba sehemu nyeupe isiyo na harufu wala rangi. Ukizikatia juu mno, zinaachana na unapoteza sehemu yake. Petali hutupwa, na baada ya saa chache sakafu nzima huwa ya zambarau na vidole vya wachambuaji huwa vya manjano. Katika sherehe ya Consuegra watu hushindana kwa kazi hiyo hiyo, watoto kwa wakubwa, na mshindi ni yule anayemaliza maua yake haraka bila kuyachafua. Jambo hilo linanigusa sana, kwamba kazi iliyoumiza migongo ya bibi zao ndiyo iliyowekwa jukwaani mbele ya watu wote, mahali ambapo pengine ungetarajia kumkuta mwanamuziki aliyekodishwa kutoka mjini.

Baada ya kuchambuliwa, nyuzi hukaushwa juu ya chekeche kwenye moto mdogo, na kilo tano mbichi hubaki takriban kilo moja. Kilo hiyo moja imetoka kwenye maua zaidi ya 150,000, ambayo kila moja limeshikwa kwa mkono mara mbili. Hiyo ndiyo bei yako.

Jambo la dukani sasa. Chukua nyuzi chache uziweke kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu. Zafarani halisi hutoa rangi ya dhahabu taratibu, na uzi wenyewe hubaki mwekundu. Iliyopakwa rangi hugeuza maji kuwa mekundu papo hapo, na uzi hupauka. Halafu onja. Halisi ina uchungu kidogo, haina utamu kamwe. Mfanyie mteja jaribio hilo mbele yake, naye hataondoka upesi.

Ongeza na hili, maana linafurahisha: Wahispania huiita *azafrán*, nasi tunaiita zafarani, kwa sababu wao na sisi tumelichota neno hilo katika Kiarabu. Ndivyo ilivyo pia kwa *aceituna* yao na zeituni yetu, *azúcar* yao na sukari yetu. Sehemu kubwa ya nchi hiyo ilitawaliwa na Waislamu tangu mwaka 711, na utawala wa mwisho, ule wa Granada, ulikoma mwaka 1492. Jikoni haukukoma.

Nimepata nafasi ya kusoma Hispania. Mimi ni Mwislamu. Ninaogopa kwamba kila sherehe ya kijiji ni nguruwe na divai, na nitabaki kutazama wenzangu wakila. Nifanyeje?
*Mwanafunzi, Majengo, Moshi*

Mwanangu, hutabaki kutazama, ila itabidi uulize kabla ya kuonja, na kuuliza si aibu.

Januari, Jumapili ya mwisho, nenda Valls, mkoa wa Tarragona, ambako wanasherehekea kitunguu kiitwacho *calçot*. Ni kitunguu cheupe kilichopandwa upya, ambacho mkulima hukiinulia udongo mara kwa mara kadiri kinavyokua, ili shina lirefuke likiwa jeupe na laini. Huchomwa kwenye miale ya moto wa matawi ya mzabibu yaliyopogolewa, mpaka ganda la nje liwe jeusi kama mkaa, kisha hufungwa kwenye magazeti ili kiive kwa mvuke wake na kupelekwa mezani juu ya kigae cha paa. Wewe shika majani kwa mkono mmoja, vuta ganda lililoungua kwa mkono mwingine, chovya shina kwenye mchuzi wa nyanya, lozi na kitunguu saumu, inua uso juu na ulishushe kinywani. Mikono itakuwa myeusi. Ya kila mtu ni myeusi. Nyama huletwa baadaye, na hapo ndipo utakapokomea.

Katika eneo la Valencia utakutana na wali wa *paella*. Mji wa Sueca, uliozungukwa na majaruba ya mpunga, hufanya sherehe ya mchele kila Septemba. Wali wa asili wa huko una kuku, sungura, maharage mabichi na zafarani, ukipikwa kwa kuni za michungwa bila kukorogwa. Nyama yake haikuchinjwa kwa utaratibu wako, kwa hiyo tafuta ule wa samaki au wa mboga. Chini hubaki ukoko, nao hugombewa kama unavyogombewa kwetu. Kijadi watu huketi kuizunguka kaango moja, kila mmoja na kijiko chake na upande wake; anayekula sinia moja na wenzake atajiona yuko nyumbani.

Jihadhari na biskuti za Krismasi, *polvorones* na *mantecados*, kwa kuwa nyingi zina mafuta ya nguruwe, na vilevile maharage na mikate ya kukaanga ambayo huficha vipande vya nyama hiyo. Novemba, huko Galicia na Asturias, njugu za mchestinati huchomwa barazani na hazina shaka yoyote.

Nimeona picha za watu wakitupiana nyanya. Hiyo nayo ni sherehe ya mavuno?
*Mkulima wa nyanya, Ngarenanyuki*

Hapana. Ni mchezo wa mji wa Buñol, uliozuka mwaka 1945 na kufanyika Jumatano ya mwisho ya Agosti. Nyanya huletwa kwa malori kwa ajili ya saa moja ya kurushiana, na tangu mwaka 2013 washiriki hununua tiketi. Ninajua unavyosikia uchungu tenga likiozea barabarani kwa kukosa soko, kwa hiyo sitakushawishi uipende. Mimi mwenyewe siipendi.

Sisi Wachaga tukichinja tuna kisusio, yaani supu yenye damu, na kila ndugu ana kipande chake. Je, hao Wahispania wanaipoteza damu?
*Mzee wa Rombo*

Shikamoo mzee. Hawapotezi hata tone. Kuanzia siku ya Mtakatifu Martino, tarehe 11 Novemba, baridi ikishaanza kuhifadhi nyama, familia za vijijini huchinja nguruwe wao, na wana methali isemayo kwamba kila nguruwe hufikiwa na Mtakatifu Martino wake. Damu hukingwa katika beseni, na mwanamke mmoja huikoroga kwa mkono bila kuacha ili isigande. Huko Burgos huchanganywa na mchele, vitunguu na mafuta, ikajazwa kwenye utumbo uliooshwa na kuchemshwa: hiyo ndiyo *morcilla*. Nyama ya kusaga hutiwa pilipili nyekundu na kitunguu saumu na kuwa soseji za kuning'inizwa, na mapaja hufukiwa kwenye chumvi. Kipande cha nyama hupelekwa kwanza kwa daktari wa mifugo kupimwa minyoo, na watu husubiri jibu lake kabla ya kula.

Kuhusu kugawa, mzee wangu, majirani waliosaidia hawalipwi fedha. Jioni, watoto hutumwa na sahani zilizofunikwa kitambaa, zenye ini kidogo, kipande cha nyama na *morcilla*, wakizipeleka kwa jamaa, kwa jirani mgonjwa, na zamani pia kwa padri na mwalimu. Sahani hiyo huitwa *presente*, yaani zawadi, na nyumba iliyoipokea huirudisha kwa namna hiyo hiyo siku itakapochinja nguruwe wake.