Koilova au shokapu mpya kwa pikapu iliyoinuliwa?

Ndugu, umeuliza ufunge koilova (shokapu na springi ya koili vilivyounganishwa kuwa kifaa kimoja) au shokapu mpya tu, kwa kuwa pikapu yako inagonga ikiingia mashimoni. Pikapu iliyoinuliwa inchi 2 kwa vipande vya kuongezea kimo, huku shokapu zikibaki za kiwandani, huweza kugonga kama unavyoeleza, kwa sababu gurudumu likishuka shimoni shokapu hufika mwisho wa urefu wake.

Kwa mbele, ningechagua koilova, mradi vile vipande viondolewe kwanza. Kuviacha pamoja na koilova ndefu huweza kuharibu boljointi (viungo vya mpira wa chuma vinavyoruhusu gurudumu kupanda, kushuka na kukata kona) na viungo vya ekseli. Chagua springi kulingana na uzito halisi wa mbele, hasa ukiwa na bampa ya chuma au winchi. Wengi hudhani kwamba kukaza kola (pete ya koilova inayokazwa chini ya springi) huifanya springi kuwa ngumu zaidi, kumbe huinua gari tu na kupunguza nafasi ya gurudumu kushuka.

Nyuma, kwenye springi za majani, shokapu ndefu zinatosha, lakini pima urefu wake zikiwa zimenyooka na zikiwa zimebanwa kabla ya kununua. Tangi dogo la pembeni linalohifadhi mafuta ya shokapu lina faida kwa anayeendesha kwa kasi kwenye barabara mbovu kwa muda mrefu; kwa mjini, naliona ni pambo. Ukimaliza kufunga, rekebisha alaimenti (mwelekeo wa magurudumu) kabla ya safari yoyote.