Stirio ya mzee itaimba nyimbo za kwenye simu?

SWALI: Asalaam aleikum. Hapa kwetu Kibokoni tuna stirio alotuachia marehemu baba, ile kubwa ya spika mbili za mbao, tepu yake ishakufa lakini redio yashika vizuri tu. Watoto wanasema tuitoe tununue kispika cha blututhi tusikize taarab za kwenye simu. Kweli hamna njia ya kuitumia hii? – Msomaji, Mji wa Kale

JIBU: Waaleikum salaam dadangu. Msiitoe! Hizo spika za mbao zina besi ambayo kispika cha kubeba mkononi hakiwezi kukupa, na wewe wataka taarab, wataka usikie udi na fidla kila kimoja mahali pake.

Igeuze uangalie mgongoni. Tafuta matundu mawili, jekundu na jeupe, yaloandikwa AUX au CD, au TAPE IN maana tepu yenyewe haifanyi kazi tena. Ile PHONO usiiguse, hiyo ni ya santuri, sindano hutoa sauti hafifu mno kwa hivyo ampu huikuza sana na kuipandisha besi, ukichomeka simu hapo utasikia kukwaruza tu. Na kwa unyevu wetu wa bahari hayo matundu huwa yashashika kutu, zima stirio, chomoa stima, yafute na pamba yenye spiriti kidogo yakauke.

Mimi ningeanza na waya, ule wa pini moja ya simu upande huu na mbili za RCA, zile za kuingia matundu jekundu na jeupe, upande ule, bei yake ndogo na sauti safi. Simu nyingi mpya hazina tundu la hedifoni, hapo utaongeza adapta ya USB-C. Punguza sauti ya stirio kabisa ndio uchomeke, halafu simu ipandishe karibu na mwisho, kuongeza na kupunguza fanya kwa kitufe cha stirio.

Ukichoka kuamka kila mara kwenda kuishika simu, nunua risiva ya blututhi, yaingia hapo hapo AUX. Ila kuta zenu za mawe ya matumbawe ni nene, ukienda jikoni na simu sauti itakatika.

Kama mna waifai ya nyumbani basi kuna strima, kiboksi kinachovuta wimbo chenyewe kutoka kwenye intaneti na simu yabaki rimoti tu, hata ukipigiwa simu, muziki hausimami. Hiyo kwangu ndio bora, lakini bei iko juu na waifai lazima ifike pale stirio ilipo.

Bando nalo liangalie. Spotify, ile app ya nyimbo, ukiiweka sauti ya juu sana, 320 kbps (kipimo cha ubora wa sauti), yala kama MB 144 kwa saa, ya kawaida ya 96 yala kama 43. Kwa hizo spika zenu tofauti mtaisikia, kwa hivyo anayelipia Spotify apakue nyimbo usiku kwa waifai azipige bila bando.