"Uzazi" au "uzalishaji", "utasa" au "ugumba": jinsi ya kuandika kuhusu kemikali za plastiki

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninaandika makala fupi ya sayansi kwa wanafunzi wa sekondari. Sentensi yangu ilikuwa hivi: "Kemikali za plastiki ni sumu inayoadhiri uzalishaji wa wanyama, na panya wa kiume wanapata ugumba." Mhariri ameifumua karibu yote. Anasema "uzalishaji" uwe "uzazi", "ugumba" uwe "utasa", na neno "sumu" halitaki kabisa. Mimi naona msomaji angenielewa tu. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Mhariri wako yuko sahihi kwa sehemu kubwa, ingawa kuna mahali naye ameteleza, na kuna neno ambalo nyote wawili mmelipita. Nianze na hilo.

Kuadhiri ni kumfedhehesha mtu, kumtia aibu mbele za watu. Ulichokusudia ni kuathiri, ndugu yake athari. Sauti za dh na th huchanganywa na wengi katika usemi, na kosa hili huhamia kwenye maandishi bila mtu kulisikia. Hata hivyo, kuathiri nako hakutoshi hapa, maana athari yaweza kuwa njema au mbaya. Ukikusudia ubaya, andika kudhuru. Angalia pia upatanisho: "zinawadhuru wanyama", kwa sababu mnyama ni kiumbe hai na kitenzi hubeba kiambishi chake, lakini "zinadhuru uzazi wa wanyama", kwa kuwa uzazi si kiumbe.

Kuhusu uzalishaji, mhariri amepiga penyewe. Zalisha ni kumfanya mwingine azae, au kufanya kitu kipatikane: mkunga humzalisha mama, kiwanda huzalisha bidhaa. "Uzalishaji wa wanyama" ni kazi ya mfugaji. Uzazi ni uwezo na tendo la kiumbe mwenyewe, ndiyo maana tunasema mfumo wa uzazi na afya ya uzazi. Ukitaka kuzungumzia jamii nzima ya wanyama kuongezeka au kupungua, kitenzi kizuri ni kuzaliana.

Sasa tuje kwenye sumu, na hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu neno hili ndilo linalompotosha msomaji kuliko mengine yote. Kikamusi si kosa. Lakini anayesoma "sumu" huona mbele ya macho yake kitu kinachoua au kinachounguza viungo, na hudhani kwamba kama mnyama yu mzima na anakula, basi hajadhurika. Kemikali unazoziandikia hazifanyi kazi hivyo. Bisifenoli A, inayotumika kuunda plastiki ngumu ya polikaboneti, ilionyeshwa mwaka 1936 na Edward Charles Dodds na Wilfrid Lawson, watafiti wa London, kwamba mwilini mwa panya hutenda kama estrojeni, homoni ya kike. Huingia kwenye vipokezi vya homoni hiyo, yaani sehemu za seli zinazopokea ujumbe wake, na kuvikalia, kama mgeni aliyeketi kwenye kiti cha mwenyeji na kuanza kutoa amri. Mwili hutii, kwa kuwa haujui tofauti.

Fithaleti zina njia yake. Hizi huchanganywa na plastiki ya PVC ili iwe laini, lakini hazishikamani nayo kikemia, na kwa hiyo hutoka kidogo kidogo. Katika majaribio ya panya, baadhi ya fithaleti zikimfikia mama mwenye mimba hupunguza testosteroni, homoni ya kiume inayotengenezwa na korodani za vijusi vya kiume. Wanaozaliwa huweza kuwa na korodani zisizoshuka, tundu la mkojo lisilo mahali pake, na nafasi fupi kuliko kawaida kati ya njia ya haja kubwa na viungo vya uzazi.

Kwa hiyo kemikali moja huiga homoni, nyingine hupunguza homoni. Kitenzi kimoja kinachozibeba zote mbili ni vuruga. Usiandike "kuharibu homoni", maana bisifenoli A haivunji homoni yoyote. Kinachovurugika ni mawasiliano ya mwili. Andika "kemikali zinazovuruga homoni". Ukihitaji jina fupi, Kiswahili tayari kina kiwanda chake cha maneno: kipaza sauti, kifungua kinywa, kipimajoto. Kwa njia hiyo hiyo tunapata kivuruga homoni, wingi vivuruga homoni, na upatanisho wake ni wa ki-vi: "kivuruga homoni hiki kimepatikana", "vivuruga homoni hivi vimepigwa marufuku". Mimi nalipenda neno hili, na ningefurahi kuliona shuleni.

Tazama pia neno "za" katika "kemikali za plastiki". Msomaji aweza kudhani kila plastiki ni kemikali ya aina hii, au kwamba lazima mnyama aimeze plastiki yenyewe. "Kemikali zinazotoka kwenye plastiki" inaeleza hatari kama ilivyo.

Utasa na ugumba: mgumba ni mtu, na neno hilo tunalitumia kwa binadamu asiyepata mtoto. Tasa hutumika kwa mtu na kwa mnyama pia. Kwa panya, basi, mhariri ana haki ya kuchagua utasa. Alikoteleza ni kwamba alibadilisha neno bila kuuliza kama jambo lenyewe ni la kweli. Tasa hazai kabisa, na mara nyingi tafiti hazisemi hivyo. Zinasema mbegu zimepungua, viungo havikukua sawasawa, au mayai yana kasoro.

Mfano ulio wazi ni wa mtafiti Patricia Hunt, aliyekuwa akifanya kazi Cleveland, Marekani. Mwaka 1998 alikuwa akichunguza mayai ya panya wake majike, tena panya wa kundi la ulinganisho, ambao hawakupewa kitu chochote. Ghafla mayai ambayo kromosomu zake, yaani nyuzi zinazobeba urithi, hazikujipanga vizuri yakapanda kutoka asilimia 1 au 2 hadi asilimia 40. Baada ya kufuatilia sana ikagundulika kwamba vizimba na chupa za maji za polikaboneti zilikuwa zimeoshwa kwa sabuni kali isiyofaa, plastiki ikaanza kuchakaa na kutoa bisifenoli A. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Panya wale hawakuwa tasa, na kwa macho hawakuwa na ugonjwa wowote. Ukiwaita tasa umesema uongo, na ukisema hawakudhurika umesema uongo mkubwa zaidi. Ukweli uko katikati, na lugha yetu inaweza kuusema: "ubora wa mayai yao ulishuka", "uwezo wao wa kuzaa unapungua".

La mwisho katika sentensi yako ni "panya wa kiume". Kwa wanyama tuna dume na jike, kwa hiyo panya dume. Kiume kinakubalika katika istilahi zilizozoeleka kama "mbegu za kiume" na "homoni za kiume". Sentensi yako sasa yaweza kusomeka hivi: "Baadhi ya kemikali zinazotoka kwenye plastiki huvuruga homoni na kudhuru uzazi wa wanyama, kwa mfano, panya dume waliofikiwa nazo wakiwa tumboni huweza kuzaliwa na kasoro za viungo vya uzazi."

Na kwa kuwa umegusa mimba, jihadhari na neno kizazi utakapoendelea. Kizazi ni mji wa mimba, na kizazi pia ni watu au wanyama wa rika moja la kuzaliwa. "Kemikali zinadhuru kizazi" inasomeka kwa maana mbili, na katika somo hili zote mbili zinawezekana. Jike anapokuwa na mimba ya watoto majike, mayai ya watoto hao huanza kuundwa wangali tumboni. Kemikali ikimfikia mama imewafikia mama, mtoto, na mayai atakayotoka mjukuu. Hapo andika wazi "vizazi vitatu kwa pamoja", na ukikusudia kiungo, andika "mji wa mimba".