Maswali ya Wasomaji: Kustul-Hindi na Mimea ya Milima Mikavu

SWALI: Assalam aleikum, Ndugu Mhariri. Katika duka moja la dawa za Kisunna hapa mjini nilinunua unga wa mzizi uitwao kustul-hindi, na muuzaji akanieleza kuwa mzizi huo huchimbwa katika majangwa yaliyo juu ya milima ya India, kusikonyesha mvua na kwenye theluji. Mimi ni mzaliwa wa pwani, na sielewi ni kitu gani kinachoweza kuota mahali pakavu na pa baridi kiasi hicho. Je, maelezo yake ni ya kweli? Na wenyeji wa huko wenyewe hutumia mimea gani?
Msomaji, Ngamiani, Tanga

JIBU: Waaleikum salaam. Maelezo ya muuzaji wako yana ukweli, ila si wote. Mmea wenyewe, yaani kusti, ambao wataalamu huuita Saussurea costus, asili yake ni miteremko ya Kashmir na maeneo jirani, kati ya mita 2,500 na 4,000 hivi kutoka usawa wa bahari, na huko si jangwani. Jangwa limeingia kwa njia ya kilimo: tangu miaka ya 1920 wakulima wa bonde la Lahaul, kaskazini mwa India, ambalo ni kavu kwelikweli, wamekuwa wakiupanda na kuunywesha maji ya theluji inayoyeyuka. Biashara yake ni ya kale mno. Kitabu cha mabaharia wa Kigiriki cha karne ya kwanza, Periplus, kinautaja miongoni mwa bidhaa zilizosafirishwa kutoka bandari za kaskazini-magharibi mwa India, na kitabu hichohicho kinaitaja Rhapta, soko la pwani yetu ya Afrika Mashariki.

Ukavu aliokusudia muuzaji unaonekana vizuri zaidi Ladakh, kaskazini mwa Lahaul. Mji wa Leh uko kwenye mita 3,500 hivi, na kwa kuwa mawingu ya masika ya India humwaga mvua upande wa pili wa Himalaya, mji huo hupata milimita 100 tu kwa mwaka, ilhali Tanga hupata zaidi ya 1,200. Hata hivyo mimea ipo, na mingine imepanda mahali pasipotarajiwa: watafiti wamekuta mimea ya maua mashariki mwa Ladakh kwenye mita 6,150, yaani juu kuliko kilele cha Kibo chenye mita 5,895. Mimea ya kimo hicho haisimami, bali hujikunja na kushikamana ardhini kama mto wa kulalia, ili upepo upite juu yake na joto la jua libaki ndani. Tofauti na Kilimanjaro ni kwamba katika jangwa la juu la mlima wetu baridi kali huja kila usiku na kuondoka kila asubuhi, ndiyo maana lobelia za huko hufunga majani yake jioni. Ladakh baridi hukaa miezi mingi mfululizo, na mimea mingi huacha sehemu ya juu ife, ikaweka akiba yake mizizini mpaka theluji iyeyuke. Mzizi wa namna hiyo huchukua miaka kukua, jambo ambalo mnunuzi wa unga dukani hana njia ya kuliona.

Kuhusu matumizi, watu wa pwani tukisikia mmea wa porini hukimbilia kufikiria dawa, lakini Ladakh mmea ni chakula, kuni, uzio na ubani kabla ya kuwa dawa. Chukua kichaka chenye miiba kiitwacho tsermang (Hippophae rhamnoides), kinachoota kandokando ya mito. Matawi yake huzungushiwa mashamba ili mbuzi wasiingie, makavu huwashwa jikoni katika nchi ambayo miti ni adimu na watu hutegemea sana samadi kavu, na bakteria waishio kwenye mizizi yake huirutubisha ardhi kwa nitrojeni ya hewani. Matunda yake madogo ya rangi ya chungwa ni makali kwa uchachu na yana vitamini C kwa wingi. Siku hizi hukamuliwa na kuuzwa kama kinywaji. Majani machanga ya kabra, mmea utambaao kwenye mawe, hulowekwa kwanza ili uchungu utoke, kisha hupikwa kama mboga, na yale ya solo (Rhodiola imbricata) huchanganywa na mtindi. Majani ya mreteni, wanaouita shukpa, huchomwa katika ibada na majumbani kama sisi tufukizavyo udi.

Waganga wao huitwa amchi, na elimu yao, Sowa-Rigpa, ilitambuliwa na sheria ya India mwaka 2010. Ni nadra kwa amchi kutoa mmea mmoja peke yake. Dawa zake huwa mchanganyiko wa vitu vingi. Kwa maoni yangu desturi hiyo inafaa kukumbukwa na anayetaka kunywa unga wa mzizi mmoja kwa kila maradhi.

Jani huchumwa na tunda huchumwa, mmea ukabaki. Mzizi ukichimbwa mmea umekwisha. Kusti ya porini imechimbwa hadi sasa imo hatarini kabisa kutoweka, na tangu 1985 imewekwa katika Orodha ya Kwanza ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, ambayo inakataza biashara ya kimataifa ya ile iliyotoka porini. Mwulize muuzaji kama yake ni ya shambani. Vilevile nunua mzizi mzima wenye harufu kali, usinunue unga, kwa kuwa kusti imewahi kuchanganywa na mizizi ya Aristolochia, ambayo huharibu figo na kusababisha saratani, na katika unga jicho haliwezi kuitambua. Mjamzito na mwenye ugonjwa wa figo wamwone daktari kwanza.

SWALI: Kaka yangu ana shamba Lushoto. Je, kusti inaweza kuota huko?
Msomaji, Chumbageni, Tanga

JIBU: Hatushauri. Mji wa Lushoto uko kwenye mita 1,400 hivi, una mvua nyingi, na hauna majira ya theluji ambayo mmea huu umezoea kulala nayo. Kuingiza mizizi au mbegu kutoka nje nako kunahitaji vibali, pamoja na ukaguzi wa magonjwa ya mimea. Kama nia ya kaka ni zao la viungo au dawa, aanze na mdalasini, na amwone bwana shamba wa wilaya kuhusu udongo wake.