Filamu ya bangi bila risasi hata moja

Mmetuuliza wiki hii: ukipewa kamera na pesa kidogo, ungepiga filamu gani ya uhalifu katika mji wako? Mimi ni mtu wa Goma. Ningepiga ya biashara ya bangi, na bunduki isionekane. Za kweli tumeziona vya kutosha, na za filamu ni gharama tupu.

Nachukua mfano wa The Harder They Come, filamu ya Jamaika ya mwaka 1972. Perry Henzell aliitengeneza bila kampuni kubwa nyuma yake, akampa mwimbaji Jimmy Cliff kazi ya kuigiza Ivan, kijana wa shamba aliyekuja Kingston kutafuta jina kwa muziki akaishia kubeba bangi. Wengi wanamkumbuka Ivan na bastola zake. Kilichonikaa mimi ni namna anavyopatikana. Ameua polisi, amejificha, wabebaji wenzake wanamficha. Afande anayekula na biashara hiyo hahangaiki kupekua kila nyumba. Anaifunga biashara yenyewe. Nyumbani kwa wabebaji pesa zinakatika, mtoto wa mmoja wao anaugua, siri inatoka.

Sasa niambieni kama hiyo si Goma. Mpaka ulipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya korona, masufuria yetu yalijua siku ile ile. Na upande wa pili, Rwanda, tangu 2021 kampuni yenye leseni inaruhusiwa kulima bangi ya dawa na kuiuza nje, lakini anayeisafirisha kwa magendo anaweza kufungwa maisha. Mwandishi wa filamu atake nini zaidi?

Mhusika wangu ni mama anayevuka Petite Barrière, kituo cha mpakani, asubuhi kwenda kununua mboga Gisenyi, upande wa Rwanda. Kichwani ana mabeseni mawili yanayoonekana matupu, moja limepachikwa ndani ya jingine, na bangi imefichwa katikati. Nani atakagua beseni tupu? Foleni ningeipiga yote bila kukata, bila muziki: kamera iko usawa wa kiuno, tunaona mikono, vitambulisho, mtoto analilia andazi. Askari anamwomba mama wa mbele yake atenganishe mabeseni, kwa adabu kabisa, anamwita "mama yangu". Askari mkali tumemchoka kwenye filamu. Huyu mpole ndiye atakayewatoa watu jasho.

Tajiri mwenye mzigo simwonyeshi. Ni sauti ya simu tu, inauliza kama "nguo" zimefika.

Waigizaji nitawatoa sokoni Virunga, wanajua kubishana kuliko mwigizaji yeyote. Lugha ni Kiswahili chetu hiki hiki na Kinyarwanda, Kifaransa kiandikwe chini kwa ajili ya wenzetu wa Kinshasa. Hata ile ya Jamaika ilipofika Marekani iliwekewa maandishi, na walikuwa wanaongea Kiingereza chao.